Pengwini wa Baba Indi

Geraldton, Jumapili

Baba Indi mpenzi,

Sisi wazima, sijui wewe huko mgodini. Indi sasa anavaa viatu mwenyewe, cha kulia kushoto. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu printa bado haielewani na ule mfumo huria uliotuwekea kwenye kompyuta.

Mfumo wenyewe sina ugomvi nao. Ni wa bure na mwepesi. Lakini mtihani wangu wa kutunza wazee ni Alhamisi, na programu ya kuusimamia imeukataa mfumo wako. Nikapiga simu chuoni, akapokea karani.

"Dada, unatumia Windows au Mac?"

"Linux."

"Ndo nini hiyo? Basi azima ya jirani, dada."

Ungekuwepo ungesema, "Tulia, Teg, dakika mbili tu." Dakika mbili zako nazijua, lakini angalau ungekuwa hapa jikoni. Sasa umeongeza zamu tena, na kila kitu humu kinakungoja wewe: kompyuta, printa, mimi.

Kwa hiyo jana nilimwita Bronte wa jirani, akarudisha Windows. Usinune. Nautaka mtihani huu nipate kazi, nawe uache kuongeza zamu.

Kila jioni Indi alikuwa akimuaga yule pengwini, nembo ya mfumo wako kwenye skrini, kana kwamba ni wewe: "Lala salama, baba." Jana alimtafuta, akalia. Nikamchora kwenye karatasi, nikambandika kwenye friji. Kuchora sijui, lakini amemkubali.

Njoo kabla hajamzoea.

Wako,
Tegan