Baba Alisema Aliendesha Yeye

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba usilitaje jina langu, nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, tunakaa upande wa Oldonyo Sambu, na mama alishafariki kwa hiyo nyumbani tuko mimi na baba tu. Baba alinifundisha kuendesha gari tangu nina miaka kumi na minne, tulianzia shambani, baadaye akawa ananiachia usukani kwenye barabara ya vumbi tukipeleka maziwa, na watu walikuwa wanamwambia huyu binti yako anakanyaga klachi kama dereva wa lori, na yeye alikuwa anafurahi mpaka basi.

Siku ya kipaimara changu, baada ya ibada, wageni walijaa nyumbani na soda zikapungua, baba akasema twende dukani, endesha wewe, leo umekuwa mtu mzima, na binti wa baba mdogo, nitamwita Naisula, ana miaka kumi na mitano, akarukia kiti cha nyuma, hakufunga mkanda na hakuna aliyemwambia afunge. Muziki ulikuwa juu, baba akatoa simu akaanza kunirekodi, akasema mwanangu angalia huku nikuweke status, nikaangalia, nikacheka, na niliporudisha macho kona ilikuwa imeshafika, gari likaserereka kwenye vumbi likabingirika korongoni. Mimi na baba tulitoka na michubuko. Naisula alirushwa nje akavunjika nyonga, mpaka leo anatembea kwa magongo na shule hajarudi.

Kabla watu hawajafika baba alinishika mabega akasema, "Nilikuwa naendesha mimi. Umesikia? Mimi." Akamwambia na Naisula hivyo hivyo, akiwa bado amelala chini. Polisi wameandika hivyo, baba mdogo anaamini hivyo na hasalimiani tena na baba, na kesi inatajwa wiki ijayo, baba anataka kukiri kosa. Shangazi zangu wananihurumia, walimu wananiambia pole, na kila pole inanichoma kwa sababu najua si yangu. Baba siku hizi hakai mezani na mimi, anakula jikoni amesimama, na juzi nilimkuta anaiangalia ile video peke yake, akazima haraka. Nikisema ukweli namfanya baba mwongo mbele ya ukoo na polisi, nikinyamaza anaweza kufungwa kwa ajili yangu, na hakuna mtu hata mmoja ninayeweza kuongea naye. Nifanye nini? Nimechoka kuwa peke yangu.

Msichana wa Oldonyo Sambu

Mama Aikande anajibu:

Marahaba binti yangu. Pole, na hii ni yako, ichukue. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikitaka kulia, mara ya pili nikitaka kumtafuta baba yako nimgombeze.

Leseni hutolewa kuanzia miaka kumi na minane, na baba anajua. Kukanyaga klachi shambani siyo kuijua barabara. Aliyekukabidhi ufunguo na aliyekuambia uangalie simu ni mtu mzima, kwa hiyo usijibebeshe yote. Lakini na wewe usijifiche nyuma ya utoto, maana uliondoa macho barabarani gari likiwa kwenye mwendo, na nyuma yako kulikuwa na mtoto asiyefunga mkanda.

Maelezo ya polisi yarekebishwe kabla ya siku ya kesi. Tafuteni wakili, wapo wa msaada wa kisheria wasiotoza hela, na umwone afisa ustawi wa jamii kwa sababu umri wako bado mdogo. Ile video msiifute. Sikudanganyi, baba anaweza kuadhibiwa kwa kukupa gari na kwa kusema uongo, lakini ataadhibiwa kwa alichofanya kweli. Na usukani usiuguse mpaka upate leseni.

Sasa nikugombeze. Umeniandikia shangazi wanasema nini, walimu wanasema nini, baba anakula wapi, lakini Naisula mwenyewe anasema nini hukuandika hata neno moja. Unadai huna wa kuongea naye. Yupo, alikuwa ndani ya gari hilo hilo. Mtoto wa miaka kumi na mitano, nyonga imevunjika, akaambiwa amdanganye baba yake mzazi, na ameendelea kudanganya kwa ajili yenu huku akimsikiliza baba yake akimlaani baba yako kwa kosa ambalo silo alilolifanya. Yeye anamwambia nani? Umekwenda kumwona mara ngapi?

Nenda leo, kabla ya wakili, kabla hata hujaongea na baba. Usiende kujieleza. Mwambie hatakiwi kudanganya tena, kisha ukae chini umsikilize, hata kama atakutukana mpaka jua lizame.