Si Kubadili, ni Kusahihisha

Baba yangu Yohana Ndahani,

Ninaanza na jina lako kamili kwa makusudi, kwa kuwa ipo ofisi ya jeshi hapa Dodoma inayoshikilia kwamba mtu mwenye jina hilo hakuwahi kuvaa sare ya jeshi. Aliyeivaa, kwa mujibu wa hati ya kumaliza utumishi uliyotuachia ndani ya sanduku la bati, ni Yohana Mbukwenyi.

Nilikuwa na miaka kama kumi uliponisimulia chanzo chake. Tulikuwa nyumbani Mpwapwa, ukiziba zizi la mbuzi kwa matawi ya miiba, nami nikikupa tawi moja moja. Ulisema kwamba siku ya kuandikishwa ulisimama mbele ya karani aliyetoka mbali, asiyejua neno hata moja la Kigogo. Alikuuliza, "Jina?" Ukajibu, "Yohana." Akauliza, "Yohana nani?" Papo hapo wakaingia askari wawili watu wazima, mmoja ana mvi. Ulilelewa kutoendelea na maneno yako mbele ya wakubwa kabla ya kuwasalimu, kwa hiyo uligeuka ukawaambia, "Mbukwenyi." Karani akaandika. Ulipomrudia ili umtajie jina la babu, kalamu yake ilikwisha kuhamia mstari unaofuata.

"Afande, ile ilikuwa salamu."

"Hapa jina ni lililoandikwa. Mwingine!"

Nilikuuliza kama uliumia. Ulicheka hadi ukajichoma mwiba. "Mwanangu, kila asubuhi afande alisimama mbele ya kikosi kizima akanisalimia kwa Kigogo, na mwenyewe hana habari. Nani mwingine aliheshimiwa hivyo?"

Nilicheka nawe. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba mtu yule yule aliyecheka zizini ndiye aliyesimama dirishani kwa msajili siku ya kuchukua cheti changu cha kuzaliwa, akataja herufi za Ndahani moja baada ya nyingine, kisha akaomba asomewe, kisha akaomba akisome mwenyewe. Foleni nyuma yetu ilinung'unika. "Mzee, unaandikisha mtoto au unasahihisha mtihani?" mtu mmoja akasema. Hukugeuka. Uliniambia tu, "Usiondoke mezani kwa mtu kabla hujasoma alichokuandika." Leo ninawafundisha wanafunzi wa chuo kikuu pale Chimwaga kusoma nyaraka za zamani, na sina kanuni nyingine kubwa kuliko hiyo. Wanaidhani ni ya kitaaluma.

Sasa kijiji kinasimamisha jiwe la kumbukumbu ya wapiganaji wake wa zamani, na kamati imeamua kwamba majina yatanakiliwa kutoka kwenye hati za jeshi, herufi kwa herufi. Mama aliposikia, aliacha chai ikapoa. "Wakichonga salamu," alisema, "kila mpita njia ataitikia, na mume wangu hatakumbukwa na mtu." Nikachukua hati yako na kwenda ofisini.

Nilipewa fomu. Kichwa chake kilisema: Maombi ya Kubadili Jina. Chini yake palikuwa na nafasi mbili, "jina la awali" na "jina jipya", na mwisho kabisa kiapo cha mwombaji kwamba yote aliyoyajaza ni kweli. Niliisoma mara mbili, nikairudisha ikiwa tupu.

Mdogo wangu Elia alinipigia simu jioni ile. "Dada, weka saini tuchonge jiwe. Ni karatasi tu."

"Inanitaka niape kwamba baba alizaliwa Mbukwenyi, halafu akajipa jina la Ndahani ukubwani."

"Nani atasoma?"

"Mimi nimekwisha kusoma."

"Wewe na baba," akasema, "mngeweza kumchosha malaika mwenye daftari." Akacheka, na kwa muda nilisikia kicheko chako kwenye simu. Lakini msimamo wangu haukulegea. Kubadili ni tendo la mwenye jina: alikuwa nalo moja, akachagua jingine. Wewe hukuchagua chochote. Uliwasalimu wakubwa. Kosa ni la kalamu, na ofisi iliyoshika kalamu haiwezi kunitaka mimi nilihamishie kosa hilo kwako, tena kwa kiapo, ili rafu zake za mafaili zikae sawa.

Mara ya tatu niliyokwenda, afisa alinipokea kwa uchovu. "Mama, umerudi tena. Fomu ni ile ile."

"Na mimi ni yule yule, afande."

Kabla hajajibu, mlango ulifunguka, wakaingia wanawake wawili wa masjala wamebeba mafaili, wote wakubwa kwangu. Sikupanga lililofuata, ni ulivyonilea. Nilisimama nikasema, "Mbukwenyi." Wakaitikia kwa pamoja, na mmoja akaniuliza habari za Mpwapwa, kwani alinitambua kwa matamshi.

Afisa alitazama hati yako iliyokuwa mbele yake, akanitazama mimi, akaitazama hati tena. "Samahani. Umewaitaje hawa?"

"Sijawaita. Nimewasalimu."

Yule mama wa masjala aliinama juu ya meza, akasoma jina lililopigwa chapa, akaweka mafaili chini ili apate nafasi ya kucheka. "Afande, ina maana miaka yote hiyo mlikuwa na askari anaitwa Hamjambo?"

Afisa naye alishindwa kujizuia. Kisha akasema, "Sasa mama, si ungeeleza tangu mwanzo?"

"Nimeeleza mara mbili, kwa maandishi. Barua zangu zipo kwenye faili hilo."

Nikamwomba ashuke hadi chini kabisa ya hati, mahali ambapo, kwa ninavyoona, hakuna mtu aliyewahi kupasoma. Jina la juu ni la mashine. La chini ni la mkono wako, kwa wino wa bluu, herufi zimesimama wima kama zimeitwa gwaride: Y. Ndahani. Walikupa hati ya Mbukwenyi, ukaipokea kwa Ndahani, mbele ya macho yao. Uliwaachia kanusho ndani ya hati yao wenyewe. Kicheko cha zizini kilinifichia jambo hilo. Nilidhani ulikubali.

Afisa alipekua droo ya meza yake. Hakuwa na fomu ya jambo la namna hiyo, akakiri hivyo. Nilimpa barua yangu ya tatu yenye kichwa kimoja tu, Maombi ya Kusahihisha Kosa la Mwandishi, na akaigonga muhuri wa kupokelewa. Uamuzi utatoka kwa wakubwa wake. Huenda ukachelewa, na huenda ukawa "hapana". Mama amekwisha kuiagiza kamati iache nafasi yako wazi kwenye jiwe, na fundi ameiacha. Watu wanauliza ni ya nani, na Mama anawatajia jina lako, herufi kwa herufi.

Wakiniletea tena ile fomu, nitairudisha tupu. Wakisema haijawahi kufanyika, nitawaambia hata kumwandika mtu kwa salamu yake hakukuwahi kufanyika, na wao waliweza. Neno ninalolidai si kubwa, Baba. Ni neno lile lile tunaloiitia saini uliyoiweka kwa mkono wako chini ya ukurasa wao: sahihi.

Pumzika. Mezani hapa sijaondoka.

Binti yako uliyemsomea jina lake dirishani,
analolibeba kama ulivyolitaja,
Ndahani.