Bawa la Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, shemeji na yule mtundu wetu anayetimiza miaka saba mwezi ujao. Huku sisi tunapumua, ila naandika haraka, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Unajua baba alikuwa akimtengenezea mjukuu wake ndege ya mbao za balsa. Mbao zenyewe ni nyepesi mpaka unaogopa kupiga chafya karibu nazo. Kukata na kubandika alimaliza mapema; kazi ilikuwa rangi. Na baba kwa rangi unamjua! Alipaka vanishi ya kuziba vinyweleo vya mbao, akasubiri ikauke, akapitisha msasa laini, akarudia mara tatu. Mimi msaidizi wake nilifokewa kama mwanafunzi mtoro, eti nachovya brashi mpaka shingoni, eti rangi ikizidi ndege itakuwa nzito na kutembea kwa miguu.

Jumapili mchana aliniita sebuleni nikaone kazi imekwisha. Nilipoiona nilicheka. Bawa la kulia lilikuwa jekundu, linang'aa, halina hata alama ya brashi. La kushoto lilikuwa mbao tupu kuanzia katikati hadi nchani, na rangi yake ilikuwa imepakwa kwa mistari kwenye gazeti alilolitandika mezani. Nilidhani ananitania. Baba akaniuliza, kwa fahari, kama nimewahi kuona mabawa yaliyolingana vile.

Dada, hapo nikaacha kucheka. Nikanyoosha mkono taratibu hadi karibu na shavu lake la kushoto. Hakupepesa jicho.

Nikamuuliza. Alikana, akawaka, kisha akakaa kitini. Akaniambia jicho la kushoto lilianza kufifia mwaka jana na sasa halioni kitu, na la kulia nalo limeingia ukungu. Nikamuuliza yeye, dereva wa basi la shule, alifaulu vipi kupimwa macho kazini. Akasema, tena kwa kujisifu, kwamba alizikariri herufi zote za lile bango la kliniki alipokuwa kwenye foleni. Njia ya shule, akasema, anaijua hata akifumba macho. Na kesho yake asubuhi watoto arobaini wangepanda basi lake kama kawaida!

Alinitaka nifunge mdomo. Alisema anayejua ni rafiki yake fundi wa gereji peke yake, na sasa mimi. Nikaapa. Jumatatu nilisimama dirishani mpaka basi likapotea. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano sikwenda dirishani.

Sasa nakueleza jambo ambalo sijamwambia mtu. Jumatano hiyo nilimpigia simu mwalimu mkuu, bila kujitaja. Saa nane mchana baba alirudi kwa miguu. Walikuwa wamempima upya, kwa bango jingine, wakachukua funguo. Hakufoka. Alisema tu kwamba fundi amemchongea. Rafiki wa miaka thelathini, dada! Jana fundi alikuja kumpa pole, baba akamfungia mlango usoni, nami nimesimama nyuma yake kama nguzo. Fundi alipoondoka nikasema labda si yeye. Baba akajibu kwamba kama si fundi basi ni mimi, akacheka, akanipigapiga begani. Nilitamani ardhi inimeze. Kile kicheko chake kimeniumiza kuliko kofi. Simu siijutii, wale ni watoto wa watu. Najutia kumwacha fundi abebe lawama yangu.

Nisalimie shemeji, na mtundu mwambie zawadi yake imechelewa kidogo.

Baba yuko chumba cha pili, ananiita. Anataka nimsomee barua hii kabla sijaifunga, ahakikishe salamu zake nimeziandika. Nimeiangalia ile aya ya simu, nikafikiria kuiruka, asingejua. Lakini naenda kumsomea yote, neno kwa neno.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba