Wingu la Jumanne juu ya Ndosho

Alhamisi. Jua limetoka hapa Goma, volkano inaonekana wazi nyuma ya Munigi, na mimi nina haya hata ya kuandika.

Tuna wiki sita tangu tufunge ndoa. Bado nikisikia viatu vyake mlangoni moyo unanienda mbio kama wa mwanafunzi. Kila asubuhi, akifika kwenye karakana yake ya useremala kule Ndosho, Pascal wangu hunitumia ramani ya mtandaoni yenye picha ya mawingu ya satelaiti, nijue kama nitoe mabeseni ya kukinga maji ya mvua. Wengine hutumiwa maua. Mimi natumiwa mawingu, na nayapenda.

Juzi alirudi saa moja jioni. Akasema mvua ilimshika Ndosho tangu saa kumi. Hapa mtaani kwetu Murara halikuanguka hata tone, na shati lake lilikuwa kavu.

Nikamwambia jirani, Mama Furaha. Akacheka.

"Mvua ya bwana mupya hiyo. Inanyeshaka kwa nyumba moja tu."

Neno hilo nililala nalo: nyumba gani, ya nani? Jana nilifungua ile ramani, nikairudisha nyuma hadi saa kumi ya Jumanne. Ndosho ilikuwa safi, hakuna wingu. Nililia peke yangu. Alipokaa kula, niliiweka simu kando ya sahani yake.

Aliichukua, akaisogeza karibu na macho.

"Soma hapa chini, cheri. Hiyo saa ni ya kimataifa, si ya Goma. Ongeza mbili."

Kumbe nilikuwa natazama saa kumi na mbili yetu. Nikarudi nyuma saa mbili, na hapo wingu kubwa jeupe lilikuwa limeifunika Ndosho yote.

"Sasa unanipelelezaka na satelite, muke wangu?"

Hakupaza sauti. Alisukuma sahani tu, ugali ukabaki nusu.

Niliomba msamaha, na nilimaanisha.

Lakini hapa sitadanganya. Wakati anaoga, niliisogeza ile picha mbele. Kufika saa kumi na moja yetu, wingu lilikuwa limekwisha kuondoka. Kutoka Ndosho hadi hapa kwa pikipiki hata nusu saa haifiki, naye alifika saa moja.

Nampenda mpaka naogopa. Na satelaiti inaona mawingu, haimwoni mtu aliye chini ya bati.

Leo akirudi nitamuuliza kwa mdomo wangu: mvua ilipoisha, ulikuwa wapi? Akinijibu, nitamwamini, au nitatafuta picha nyingine?