Mlango wa Mbele Umefunguka

Dilala, Kolwezi, mvua zikikaribia kwisha

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya Feza, Kongolo

Yaya,

Kwa heshima zote, na wenye nguvu hapo nyumbani wasimame, ninatangaza rasmi kwamba mlango wa mbele wa nyumba ninamokaa umefunguka. Uligoma tangu siku tuliyoingia. Nilijaribu mafuta ya mawese, nyundo na matusi, nikashindwa, tukazoea kupitia jikoni kama kuku. Sasa unafunguka, na mimi sina furaha. Nitakueleza.

Lakini kwanza, mko wazima? Mguu wa mama unamwacha alale? Shemeji amepona kile kikohozi, au bado anakitumia kukwepa shamba? Sisi tuko. Mama Ngoie, mke wangu, ananitunza kwa kunicheka. Ngoie mwenyewe ameng'oka meno ya mbele na anasema zaidi kuliko alipokuwa nayo. Bukari ya mahindi tunakula mara moja kwa siku, ila tunaikalia muda mrefu.

Umeniuliza mambo mawili: kama nyumba inaweza kukupokea wewe na wanao watatu, na kama lile darasa la parokia lina nafasi kwa watoto. Nitajibu mwishoni, maana majibu yenyewe yananitia haya.

Huko kazini, kwenye mgodi wa Mashamba, pampu zimekufa moja moja na lile shimo tulilokuwa tukichimba shaba linajaa maji. Kampuni haitulipi, wala haijatuambia tusije. Basi tunakwenda, tunatazama maji yakipanda, tunarudi. Ndiyo maana alasiri nimepata nafasi ya kuwa mwalimu. Ndiyo, mimi, ambaye shule ilinitema mapema, yaliyobaki nikayasoma kwenye magazeti ya kufungia samaki. Padri alitaka darasa la kusaidia wageni, hizi familia zinazoshuka kutoka kwetu kaskazini kuja kujaza nyumba zilizobaki tupu. Akina mama wanaonyeshwa zahanati, soko la Manika, na namna ya kumwandikisha mtoto shuleni bila kumwogopa karani. Watoto wanafundishwa herufi, Kifaransa kidogo, na njia ya kurudi nyumbani.

Usiicheke hiyo njia. Hapa Dilala kampuni ilijenga nyumba kama mtu anayefyatua matofali, zote sura moja. Siku za mwanzo mtoto mmoja wa kutoka Kabalo aliingia nyumba isiyo yake, akanawa mikono, akakaa, akala bukari na majani ya sombe mpaka akashiba, ndipo mama wa nyumba akashtuka: "We, uko mutoto wa nani?" Tulicheka hadi machozi. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikatunga somo: kila mtoto ajue alama tatu za kwao, na azitaje mbele ya wenzake.

Tangazo la darasa nalo niliandika mimi, kwa Kiswahili changu kilichovaa tai: "Zinakaribishwa familia zote zisizo na makao mjini hapa, ambazo watoto wao hawana shule." Padri akalibandika kwenye mlango wa kanisa. Familia ya kwanza kufika ilitoka kwenye kituo cha treni.

Habari za kituo unazo, hata kama barua zangu zilizipita pembeni. Wenzetu wa asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa hapa kuchimba, walitolewa majumbani mwao na vijana waliokuwa wakiwaita wadudu. Sasa wanalala pale miezi na miezi, chini ya maturubai, wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawajawahi kuiona. Huko ndiko alikotoka Mama Kapinga na wanawe watatu. Walikuwa wameoga, na nguo zao hazikuwa na mkunjo, ingawa pale kituoni sijaona pasi. Nikamwambia, mama, darasa hili ni la wageni.

"Wageni njo banani?" akauliza. "Mi nilizaliwa hapa. Lakini nyumba sina, na batoto habana masomo. Tangazo inasema nini, mwalimu?"

Padri alikuwa karibu. Akalisoma tena tangazo, akanitazama, akasema halina kosa. Wakapewa benchi la mbele.

Basi siku ya alama tatu, Ngoie wangu akasimama wa kwanza, mtoto wa mwalimu. "Kwetu kuko muti ya avoka yenye kuinama ku barabara. Kuko ngazi yenye kuvunjika. Na mulango ya mbele haifunguke, tunapitaka ku nyuma."

"Inafungukaka!" Binti wa Mama Kapinga aliruka kutoka kwenye benchi. Ni rika la Ngoie, hata pengo wanafanana. "Unaiinua na goti, kisha unasukuma. Ni mvua njo inaivimbisha. Papa alituonyesha."

"Unajua je? Ni kwetu!"

"Ni kwetu!"

"Kwetu!"

Nikapiga ubao, nikapiga tena. Wale akina mama wa kaskazini, ambao wote wanakaa kama ninavyokaa mimi, wakaanza kutazama vidole vya miguu yao. Mama Kapinga peke yake alinitazama usoni. Hakupandisha sauti.

"Umefundisha muzuri, mwalimu. Sasa batoto babili banajua njia ya nyumba moja."

Yaya, nilikuandikia kwamba nimepewa nyumba kwa sababu wakubwa waliona bidii yangu. Hakuna aliyeona bidii yoyote. Wale vijana walipita nami barabarani wakaniambia, "Muzee, chagula." Nikachagua yenye mti wa avoka. Jikoni tulikuta sahani zimeoshwa, zimeinamishwa zikauke. Mke wangu akasema, "Hawa watu walikuwa wasafi." Jioni ile ile tukazilia.

Baada ya darasa nilimfuata Mama Kapinga uani. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri. "Mama, ile nyumba..."

"Papa Ngoie, achana nayo. Utanirudisha mule? Kesho bale bavijana batakuja na petroli, tutaungua wote, weye na avoka yako." Akamfunga mdogo mgongoni. "Mi naomba kitu moja tu. Usimutoe Kapinga mu masomo. Kule tunaenda, sijui kama kuko masomo. Asome mupaka treni ifike."

Nikasema ndiyo. Ilikuwa ndiyo rahisi, haikunitoa nyumbani.

Jioni nikasimama mbele ya ule mlango, nikaangalia huku na huku, nikauinua kwa goti, nikausukuma. Ukafunguka bila kelele. Mke wangu akatokea jikoni na mwiko mkononi. "Aa! Nani amekuonyesha?"

"Nimejifundisha mwenyewe," nikasema. Unanijua, mambo yangu yote najifundisha mwenyewe. Ngoie alikuwa amekaa pale pale. Akanitazama, akainuka, akatoka kwa kupitia jikoni. Tangu siku hiyo mimi na mama yake tunaingilia mbele. Ngoie bado anapitia jikoni.

Huko darasani wale wawili waliacha kugombania nyumba, wakaanza kugombania kitabu. Kapinga alikuwa na haraka ya kusoma kama mtu anayesikia honi kwa mbali. Akimaliza ukurasa alimsukuma Ngoie kwa kiwiko: "Fungula mwingine, weye uko na wakati." Mama yake alikaa nyuma yao, akimnyonyesha mdogo, na kila niliposema "kwetu" kwenye mfano wowote, nilibadilisha somo.

Nisalimie mama, na mguu wake mbaya na ule mzuri, usije ukaona wivu. Msalimu shemeji, mgonjwa wetu wa msimu wa kulima. Mjomba Kalenga, fundi baiskeli, mwambie mpwa wake bado anakwenda kwa miguu. Shangazi anayeimbisha kanisani mwambie aniombee, na akiuliza aombe nini, mwambie wewe unajua. Usiwasomee barua yote. Wasomee habari za mlango, wacheke.

Mdogo wako,
Kasongo, anayeitwa mwalimu

N.B. Nimesahau kukujibu. Nyumba inaweza kuwapokea. Treni ilikuja Jumanne, ikamchukua Mama Kapinga na wanawe. Benchi la mbele liko wazi, watoto watatu wanaenea.