Usiniambie Tena Nishukuru

Izimbya, Bukoba Vijijini

Dada yangu Mwanahawa,

Salamu nakupa, maana salamu ni haki hata ya aliyekukosea. Miguu yako vipi, bado inavimba? Mikorosho imeshatoa maua? Na Rehema wangu, kikohozi kimekwisha? Mimi ni mzima wa mwili. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na leo nataka niseme mpaka nimalize.

Kila Ijumaa unanitumia ujumbe: "Mdogo wangu, shukuru kwa kidogo ulicho nacho, wengine hata kazi hawana." Miaka minne nafundisha huku, upande wa pili wa nchi. Mume wangu yuko Masasi, mwanangu unanilelea wewe, nami nangoja uhamisho. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mwezi uliopita nikampigia Rehema, akaniambia kwa furaha kwamba alivaa gauni jipya kwenye harusi ya baba. Harusi ipi? Ya baba na mama mdogo, akasema, ndivyo alivyofundishwa kumwita huyo mke mpya, na mama mkubwa ndiye aliyepika pilau.

Mama mkubwa ni wewe, dada. Ulipika pilau la harusi ya mume wangu, ukanawa mikono, na Ijumaa iliyofuata ukaniandikia nishukuru.

Hamisi nimemkasirikia, ndiyo. Dini imemruhusu kuoa, ila haikumwamuru anifiche. Lakini wewe ndiye uliyeniuma zaidi, kwa sababu mimi na wewe tumelala kitanda kimoja tangu utoto.

Siku ile ya simu ya Rehema nilitoka nje nikamkuta mwenye nyumba wangu, Ma Kokugonza, anakunja kamba za kufungia mizigo. Ni mjane, Mlutheri, hana maneno mengi. Nilipohamia kwake nilifanya kosa la mtu wa kwetu: nilifagia chini ya migomba yake yote mpaka udongo ukaonekana, nikachoma majani makavu na nyasi, nikijiona msafi. Kumbe huku nyasi hutandazwa makusudi, zitunze unyevu na kuilisha migomba. Aliporudi kutoka kanisani alisimama akatazama, kisha akasema, "Mwalimu, waitu," ndivyo wasemavyo huku kwa upole, "umeivua migomba yangu nguo." Hakunigombeza. Jumamosi yake alinipa kamba, tukapanda rweya, kule kwenye uwanda wa nyasi, na tangu hapo kila Jumamosi nabeba mzigo kichwani pamoja naye.

Basi nikamweleza habari ya harusi, huku nalia. Nilitegemea angalau anishike mkono. Akasema, "Pole, mwanangu. Sasa nyasi hazijui kama umeolewa au umeachwa. Shika kamba hii." Nilimchukia, dada. Lakini nilikwenda. Tulikata, tukafunga, tukateremka mvua ikitupiga, na tulipofika nyumbani akachemsha ndizi na maharage, tukala, wote tumechoka. Usiku ule nililala usingizi ambao sijaupata tangu niondoke kwetu.

Ndipo nikaona kwamba muda wote huu nimeishi huku kama mtu aliyekaa stendi, mkoba mapajani. Kumbe migomba hii nimeilisha mimi pia. Watoto wa darasa la pili wamejua kusoma mikononi mwangu. Jirani akiuguliwa, naitwa. Haya ni maisha, tena ni yangu. Nimeyashukuru, lakini kwa uchungu, kwa sababu nimeyaona baada ya kunyang'anywa yale niliyokuwa nayangoja. Kwa hiyo zile meseji zako za Ijumaa, nakuomba uache kuzituma.

Na ona mambo ya dunia: wiki iliyofuata mwalimu mkuu akatangaza mbele ya wenzangu kwamba uhamisho wangu umekubaliwa. Walimu wakapiga makofi. Niliuomba kwa sababu ya ndoa, na ndoa sasa ina mwenyewe. Nikamwambia siutaki. Akaniuliza kama nina homa.

Likizo ya Juni nakuja Masasi. Nitalala kwako usiku mmoja tu, nimchukue Rehema. Hamisi nimeshamwambia kwa simu, wala hakubisha, na hilo nalo limeniuma. Najua mtoto amekuzoea. Najua utalia, na nitalia na wewe, maana kumlea umemlea vizuri na hilo silikatai. Lakini kabla sijafika, umkalishe umweleze wewe mwenyewe kwa nini anaondoka. Mweleze yote, hata lile pilau. Mimi mlinificha. Yeye msimfiche.

Nisalimie bibi yetu Mwanaisha, mwambie namletea kahawa ya kutafuna, akipata meno ya kuitafunia. Nisalimie shemeji, mumeo, na mjomba Saidi, ambaye nasikia alikataa kuhudhuria, mwambie sitamsahau. Hamisi usimsalimie.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye, ingawa leo sikutaka kukwambia,

Zuhura