Samaki Asiye na Magamba

Mombasa, 1971

Dada Kemunto,

Huku joto halitulii hata baada ya mvua. Leo nimewapeleka watoto kuona samaki hai ndani ya vioo. Wakaanza kuwahukumu, kama marehemu mama yao alivyowafundisha kila Sabato: “Huyu ana magamba, analiwa. Huyu hana, ni najisi.” Mlinzi wa pale alicheka sana.

Kisha akapita samaki mmoja mpana kama ngozi ya ng’ombe iliyoanikwa. Moraa wetu mdogo akanivuta shati: “Baba, na huyu?”

Nikamwambia sijui.

“Basi tukifika nyumbani nitamuuliza mama.”

Tafadhali dada, ng’oa magugu pale kaburini kabla hatujarudi. Moraa ana swali lake.

Tunakupenda,
Kaka yako Nyabuto